Gapi, plati au moli? Anza na maji yako, mkia baadaye

Ukiingia duka la samaki wa mapambo, macho yanakimbilia kwa gapi. Dume ana sentimita tatu hivi, lakini mkia wake una chungwa, buluu na weusi kwa pamoja, basi wateja wengi humaliza ununuzi hapo hapo kwa kuelekeza kidole. Mimi nakushauri utangulize mambo mawili usiyoyaona pale kwenye kioo: maji yanayotoka kwako nyumbani, na jinsia ya samaki utakaowabeba.

Gapi na jamaa zake wanataka maji magumu. Huhitaji maabara kuyajua. Kama sabuni inagoma kutoa povu na birika linajaa ukoko mweupe, umebahatika, na wengi wanaotumia visima mwambao wako upande huo. Nairobi mambo ni tofauti: maji mengi ya bomba yanatoka bwawa la Ndakaini, nayo ni laini. Hapo weka changarawe ya matumbawe au mawe ya chokaa ndani ya chujio. Nunua na hita, maana samaki hawa wanataka nyuzijoto 22 hadi 28 na baridi ya Julai huko haina huruma.

Sasa jinsia. Hawa hawatagi, wanazaa, na jike wa gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, mara nyingi vitoto kwa makumi. Tena akishapandwa hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi. Jike aliyekaa tangi moja na madume dukani karibu kila mara ana mimba, hata ukimweka peke yake. Kumtambua ni rahisi: ni mkubwa, rangi zake zimefifia, na nyuma ya tumbo ana doa jeusi. Dume ana pezi jembamba lililochongoka chini ya tumbo.

Baada ya hayo, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza nampa gapi aliyezalishwa hapa hapa nchini, madume matupu. Mwambie muuzaji, "Kaka, nichotee madume sita, jike asiingie hata mmoja." Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo fundi vioo anaweza kukutengenezea, linabeba lita 54, na madume sita wataishi humo kwa raha. Gapi wa mfugaji wa jirani ana mkia mfupi na rangi zisizolingana, lakini amekulia maji ya hapa. Kama unataka kuzalisha, chukua majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo dume atamsumbua jike mmoja mpaka amchoshe. Na uweke mimea mingi ya kujificha, kwa sababu mama mwenyewe hula watoto wake.

Plati anafuata, na kwa nyumba yenye watoto wadogo ningempandisha hata juu ya gapi. Ni mnene, mtulivu, hana mkia mrefu wa kuchanika, na anavumilia baridi zaidi kidogo kuliko gapi. Asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Tahadhari ni moja: usimchanganye na samaki wa mkia-upanga, kwani wanazaliana.

Moli ni wa tatu, isipokuwa kama kisima chako kina chumvichumvi. Hapo anakuwa wa kwanza bila mjadala. Ndiye anayestahimili chumvi kuliko wote niliowataja, na kwenye maji laini huanza kuyumba na kuugua. Ni mkubwa, kwa hiyo usimtie kwenye tangi chini ya lita 80. Moli wa puto, yule mwenye tumbo la mviringo, mwache. Umbo lile ni uti wa mgongo uliopinda kwa kuzalishwa makusudi.

Endler ni mdogo kuliko gapi, mwepesi, na rangi zake zinang'aa ajabu. Anatoka Venezuela, na alipewa jina lake la kisayansi, Poecilia wingei, mwaka 2005. Nimemweka wa nne kwa sababu wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni machotara wa gapi, nawe utalipia usafi usiokuwepo. Ukiwapenda kwa rangi tu, chukua.

Mkia-upanga ni mzuri, ila anaruka. Bila mfuniko utamwokota sakafuni.

Wa mwisho kabisa ni gapi wa fahari anayeagizwa nje, wa mkia mkubwa kama kanga. Ni ghali, amezalishwa ndani ya ukoo mmoja kwa vizazi vingi, na amefika amechoka safari. Mnunue ukiwa tayari una tangi lililotulia, si wiki ile ile uliyonunua kioo. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wajijenge.

Dukani, omba muuzaji awalishe ukiwa umesimama pale. Asiyekuja kula, aliyebana mapezi, mwenye vidoa vyeupe, tumbo lililobonyea au mgongo uliopinda, mwache. Ukikuta maiti ndani ya tangi, usinunue hata aliye mzima humo. Nyumbani, mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hivi, kisha vua samaki kwa wavu. Maji ya duka yamwage.

Vitoto vikizidi, usivipeleke mtoni wala mtaroni, kwani gapi huzoea maji mapya haraka na kubanana na samaki wa asili. Muulize muuzaji siku ile ile ya kununua kama anapokea vitoto. Wengine hukupa chakula cha samaki badala yake.