Uzoefu wangu na Subaru Impreza WRX Mbeya: tundu la boneti lina kazi

Wengi hapa Mbeya wanaamini lile tundu la hewa juu ya boneti ya WRX ni la kuringishia. Mimi ninayo ya kizazi cha pili, lita 2 yenye tabo (pampu inayobana hewa na kuisukuma kwenye injini), na nasema sura ya gari hili sehemu kubwa imetokana na kazi.

Chini ya tundu lile kuna interkula, imelala juu ya injini. Tabo ikibana hewa, hewa inapata joto. Interkula inaipoza kabla haijaingia kwenye silinda, na upepo wa kuipoza ndio unaopitia pale kwenye boneti. Injini yenyewe ni boksa, silinda zimelala kushoto na kulia. Ndiyo maana uzito umekaa chini, na kona kali haziliyumbishi ovyo.

Mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar, na gari lisilo na tabo utalisikia likihema ukianza kupanda barabara ya Chunya. Hili linavuta tu. Nikifika juu nikafungua boneti, nakuta mapezi ya interkula yamenasa mabawa ya wadudu, vumbi na majani makavu ya mipaina. Urembo haunasi wadudu hivyo.

Asili yake ni rali. Kanuni za miaka ya 1990 zilitaka gari la mashindano litokane na gari linalouzwa kwa watu, kwa hiyo alichohitaji dereva wa mbio kikaja mpaka mtaani. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1995 akiwa na Impreza. Kuna msanifu majengo wa Chicago, Louis Sullivan, aliyeandika mwaka 1896 kwamba umbo hufuata kazi. Yeye alikuwa na maghorofa kichwani, ila boneti hii imo humohumo.

Si kila kitu lakini. Milango haina fremu juu ya vioo. Hayo naona ni madoido. Na spoila kubwa ya nyuma, lile bawa la kukandamiza gari chini likiwa kasi, kwa safari ya Tukuyu ukiwa nyuma ya malori ya Malawi na vibao vya 50 kila kijiji, sidhani inakandamiza chochote. Nimeiacha kwa sababu inapendeza, basi.

Kinachoniudhi ni mafundi wanaobandika tundu la plastiki kwenye Impreza ya kawaida, chini yake bati zima, halafu linauzwa kama WRX. Ukienda kununua, inua boneti uangalie upande wa ndani: utakuta mkondo wa plastiki wenye mpira pembeni, unaokaa juu ya interkula boneti ikifungwa. Usipouona, usilipe bei ya WRX.