Podikasti za historia, fikra na maisha ya watu: ipi uanze nayo na ipi ndo ulipie

Kabla hujatoa hela yako kwa podikasti yoyote ya historia, falsafa au maisha ya watu mashuhuri, jua kwanza kwamba zile bora kabisa nyingi ziko bure, na zina stoo ya miaka na miaka ambayo watu hata hawaigusi. Hizi hazichachi kama habari za siasa au matokeo ya mpira. Mjadala kuhusu mwanahistoria Ibn Khaldun uliorekodiwa mwaka 2010 bado uko vilevile leo, hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo mimi nikitaka kumshauri mtu naangalia kwanza huko nyuma kuna nini na kama kuko wazi au kumefungwa mpaka ulipe, halafu naangalia ubora wa maelezo, halafu swali ambalo wengi hawaulizi kabisa, siku ukiacha kulipa unabaki na nini mkononi?

Zote nilizoweka hapa ni za Kiingereza. Kama wakiongea kwa kasi wanakuacha, shusha spidi mpaka 0.8, karibu kila apu ina hiyo kitu, na kwenye Apple Podcasts tangu 2024 kuna maandishi yanayotembea pamoja na sauti, yanasaidia sana hasa kwenye majina ya watu na ya miji.

Naanza na za bure, kwa mpangilio wangu.

1. In Our Time

Hii naiweka juu bila kusita. Ni ya BBC Radio 4, ilianza 1998, na Melvyn Bragg ameiongoza miaka 27 mpaka alipotangaza kung'atuka 2025. Episodi zimepita 1,000 na zote ni bure. Utaratibu wake ni ule ule tangu zamani, mtangazaji mmoja, wasomi watatu waliobobea kwenye hiyo mada, mada moja tu kwa karibu dakika 50. Wiki moja wanaongelea mimea inavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nyingine himaya ya Mali, nyingine mafumbo ya Zeno, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na hawajali kama mada inauza au haiuzi.

Sikiliza Bragg anavyoanza. Hakuna muziki mrefu, hakuna kupiga stori za wikiendi, anasema "hello" halafu anasoma aya moja ya utangulizi na palepale anamgeukia profesa wa kwanza na swali. Profesa akianza kuzunguka anakatwa na kurudishwa kwenye mstari, wakati mwingine kwa ukali kidogo, na ukali huo ndo unakuokolea muda wewe msikilizaji kwa sababu mtu aliyesoma kitu miaka thelathini analazimika kukisema kwa sentensi mbili. Halafu usizime mapema! Kwenye podikasti kuna kipande cha nyongeza mwishoni, baada ya kipindi cha redio kuisha wageni wanaulizwa ni kipi hawakupata nafasi ya kukisema, na hapo wanalegea na kutoa vitu vitamu sana, mara nyingi ndo sehemu ninayoikumbuka zaidi.

Ni nzito lakini, sikufichi. Ukiingia kwenye mada usiyoijua kabisa unaweza kupotea dakika ya kumi. Dawa yake ni kuacha episodi mpya, ingia kwenye orodha utafute kitu ambacho tayari unakijua kidogo, iwe ni dini, mto, vita au mwandishi unayempenda, anzia hapo. Ukiwa nje ya Uingereza utakutana na matangazo ya biashara, yavumilie tu.

2. A History of the World in 100 Objects

Kama hujawahi kusikiliza podikasti ya historia hata moja, anza na hii kabla ya ile ya juu. Ilitoka 2010, BBC na British Museum, msimulizi ni Neil MacGregor ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa hiyo makumbusho. Vitu 100, episodi 100, kila moja karibu robo saa, imekamilika na haikudai kitu chochote zaidi.

Uzuri wake ni kwamba anakishika kitu kimoja na hakiachi. Kifaa cha pili kwenye orodha ni jiwe la kukatia kutoka Olduvai, Tanzania. Na kifaa cha 60 ni vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, yaani vipande vilivyovunjika tu ambavyo ukivikuta ungevipita, lakini anakuonyesha kimoja cha kijani kimetoka China, kingine kimetoka Mashariki ya Kati, na kingine ni udongo wa palepale pwani, na kwa hivyo vipande anakujengea biashara nzima ya Bahari ya Hindi, nani alisafiri na upepo gani, nani aliuza nini, na lugha yetu ilikua vipi katikati ya hayo yote. Dakika kumi na tano! Mimi ningependa kila mtu anayesema historia inamchosha asikilize hiyo moja tu.

Angalizo, ni simulizi ya makumbusho yenyewe, na kuna vitu humo ambavyo nchi zilikotoka zinavidai mpaka leo, vya ufalme wa zamani wa Benin, Nigeria ya leo, kwa mfano. Sikiliza ukijua ni nani anayeongea.

3. History of Philosophy without any gaps

Peter Adamson, profesa wa falsafa München, Ujerumani, alianza 2010 na Thales, Mgiriki wa kale, na akaapa hataruka mtu. Sehemu nyingine wanaruka kutoka Aristotle mpaka Descartes kana kwamba hakuna aliyefikiri kwa miaka elfu mbili, yeye amekaa episodi nyingi kwenye ulimwengu wa Kiislamu peke yake, Ibn Sina, al-Ghazali, Ibn Rushd, wote wamepewa nafasi yao. Kuna na mfululizo wa pembeni kuhusu falsafa ya Afrika na ya watu weusi kwa jumla, ameufanya pamoja na Chike Jeffers, na ukifika kwa Zera Yacob wa Ethiopia utashangaa kwa nini shuleni hatukutajiwa. Episodi ni kama dakika 20, ni bure, na jamaa anapenda kutolea mfano wa twiga kila mahali, utamzoea.

Hii ni ya kwenda kwa mpangilio. Ukirukaruka inapoteza nusu ya utamu.

4. Great Lives

Kwa maisha ya watu hii ndo chaguo langu. Radio 4 tena, tangu 2001, na aliyeiongoza miaka mingi ni Matthew Parris. Mgeni anachagua mtu mmoja, lazima awe ameshafariki, anakuja kumtetea kwamba maisha yake yalikuwa makubwa, na pembeni kuna mtaalamu anayemjua marehemu vizuri. Parris hamezi kila kitu, akiona mtu anasifiwa kupita kiasi anauliza wazi, huyu si alikuwa mkatili kwa wanawe? Na hapo ndo tofauti na zile podikasti za "siri za mafanikio" ambazo kila mtu mashuhuri aliamka saa kumi alfajiri na hakuwa na dosari. Nusu saa tu.

Wengi wataniuliza mbona sijaweka Desert Island Discs, ambayo ipo tangu 1942 na mgeni anachagua nyimbo nane za kwenda nazo kisiwani. Naipenda, mazungumzo yake ni ya kina, ila kwenye podikasti nyimbo zinakatwa fupi kwa sababu ya hakimiliki, na kipindi chenyewe kimejengwa juu ya nyimbo. Iweke ya akiba.

5. The History of Rome, kisha Revolutions

Zote za Mike Duncan. Ya Roma ilikwenda 2007 mpaka 2012, episodi 179, mpaka dola ya magharibi inaanguka mwaka 476. Sauti ya zile za mwanzo ni mbovu, vumilia kama kumi hivi, baadaye anatulia. Revolutions ilianza 2013 na kama huna muda wa yote nenda moja kwa moja kwenye msimu wa Haiti, Toussaint Louverture na watumwa waliojikomboa wenyewe, ameusimulia kwa utaratibu, tarehe, vikosi, barua, nani alimsaliti nani. Ni bora kuliko wa Ufaransa, na huo wa Ufaransa nao ni mzuri.

Fall of Civilizations ya Paul Cooper iko jirani kabisa na hizi, kila episodi himaya moja na ilivyoanguka, ipo ya Songhai pia, nyingi zinapita saa mbili, na maandiko ya zamani yanasomwa na waigizaji. Ya usiku hiyo, taa zimezimwa.

Na kama una dakika kumi tu ukiwa njiani, Witness History ya BBC World Service, tukio moja linasimuliwa na mtu aliyekuwepo. Basi.

Sasa za kulipia

Hapa ndo watu wanachanganya kununua na kukodi.

Ya kwanza kwangu ni Hardcore History ya Dan Carlin. Ipo tangu 2006, mwenyewe anasema kila mara kwamba yeye si mwanahistoria, ni mpenzi wa historia aliyetokea redioni, na episodi zake zinaweza kwenda saa nne, tano. Mfululizo wake wa vita kuu ya kwanza una sehemu sita na unapita saa 20 kwa jumla. Zile za karibuni ni bure kwenye apu yoyote, za zamani anaziuza kwenye tovuti yake kama mafaili ya MP3, unalipa mara moja, unapakua, ni zako, unaweka kwenye simu, kwenye flashi, popote. Hakuna makato ya kila mwezi. Huo ndo ununuzi ninaoupenda. Sikiliza kwanza moja ya bure mpaka mwisho, ukiona unaahirisha kulala basi nunua mfululizo mmoja wa zamani, si kifurushi chote.

Ya pili ni klabu ya The Rest Is History, ya Tom Holland na Dominic Sandbrook, walianza 2020. Wanajua historia kwelikweli na wanachangamka, nacheka nao sana. Ila unacholipia ni kusikiliza bila matangazo, kupata mfululizo mapema kabla ya wengine na episodi za ziada. Ukiacha kulipa, vyote vinaondoka. Vipindi vikuu unavipata bure ukisubiri siku kadhaa. Kwa hiyo lipia kama tayari unawasikiliza kila wiki na matangazo yanakukera kweli, la sivyo subiri tu.

Kuna na kuchangia watengenezaji wadogo kupitia Patreon, kama Cooper niliyemtaja. Hiyo naiunga mkono hata kama unachopata ni kidogo, maana utafiti wa episodi moja unamla mtu miezi, na bila wachangiaji kazi hiyo inasimama.

Kabla ya kubonyeza lipa

Angalia unalipia wapi. Ukijiunga ndani ya Apple Podcasts, kile ulicholipia kinachezeka humohumo tu, ukihamia simu ya Android apu hiyo haipo. Ukilipia kwenye tovuti ya podikasti yenyewe mara nyingi unapewa linki yako binafsi ya RSS, yaani anwani ambayo apu inaitumia kuvuta episodi, hiyo unaibandika kwenye apu kama AntennaPod, ambayo ni bure kabisa, au Pocket Casts, na inafanya kazi popote. Spotify haikubali uingize linki ya RSS wewe mwenyewe, kwa hiyo kama ndo apu yako pekee hakikisha kwanza kabla hela haijatoka. Linki hiyo usiigawe kwenye magrupu, ni ya jina lako na wanaweza kuifunga.

Apu nayo inaweza kufa, Google Podcasts ilifungwa 2024 na watu wakalazimika kuhama. Kwenye mipangilio ya apu yako tafuta sehemu ya kutoa orodha kama faili la OPML, litoe, lihifadhi, siku ukihama unalipakia kwenye apu mpya na kila kitu kinarudi.

Bando pia lihesabu. Saa moja ya sauti ya kbps 128 inakula karibu MB 58, ya kbps 64 inakula nusu yake, kwa hiyo ile ya Carlin ya saa tano inaweza kukumaliza ukiisikiliza hewani. Pakua ukiwa kwenye waifai, na weka apu isipakue kwa data ya simu.

Kuhusu kupima ubora wa podikasti yoyote ambayo sijaitaja, chagua episodi ya mada unayoijua vizuri wewe, ya dini yako, fani yako au kabila lako, sikiliza mpaka mwisho. Akikosea pale unapopajua, hata zile zingine usimwamini. Sikiliza pia kama anataja alikotoa maneno yake, kitabu gani, barua ya nani, kwa sababu siku hizi zimejaa za kusoma tu makala ya mtandaoni kwa sauti nzuri, na kuna ambazo hata sauti si ya mtu.

Na ukiamua kujiunga, anza na ya mwezi mmoja hata kama ya mwaka inaonekana nafuu. Ikiwa kuna siku za majaribio bure, weka alamu siku mbili kabla hazijaisha, na ujue mapema unajiondoa wapi, ndani ya apu au kwenye tovuti, kwa sababu kufuta apu kwenye simu hakusimamishi makato.