TAHADHARI: Matone ya "leptini" ya kupunguza unene yanayozungushwa Mwanza, msinunue

Jamani watu wa Mwanza, hasa kina mama wa Buzuruga, Igoma na pale Mwaloni Kirumba, kuna dada anapita na vichupa vya matone anasema ni leptini, unadondoshea chini ya ulimi asubuhi eti inakata njaa na kuyeyusha kitambi, bei elfu themanini na tano, ukilalamika anashusha mpaka sitini. Mama yangu mdogo anauza dagaa, ana presha, akanunua. Hata wiki haijaisha usingizi hamna, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, tumemkimbiza hospitali presha iko juu balaa. Tukampigia huyo dada akasema hiyo ni sumu inatoka aongeze matone!! Sasa hivi hapatikani.

Leptini yenyewe ipo kweli na hapo ndo anapowanasa watu. Ni protini inayotengenezwa na seli za mafuta mwilini, inasafiri kwenye damu mpaka kwenye ubongo kuujulisha kwamba akiba ya mafuta ipo, punguza kula. Jeffrey Friedman na wenzake kule New York waliigundua 1994 kupitia panya wanene kupita kiasi ambao miili yao haiwezi kuitengeneza, na panya hao wakichomwa leptini wanapungua kweli. Hapo dada anaeleza vizuri mno, na picha za panya anazo kwenye simu. Asichowaambia ni kwamba watu wengi wanene leptini wanayo tena nyingi kuliko wembamba, shida ubongo wao hauisikii vizuri, sasa ukiongeza nyingine itasaidia nini? Halafu hiyo ni protini, ukiimeza tumbo halijui hii leptini hii dagaa, linameng'enya vyote, ndo maana hata insulini watu wa sukari wanachoma sindano. Dawa halisi inaitwa metreleptini, Marekani waliipitisha 2014, nayo ni sindano ya wagonjwa wachache sana ambao miili yao haina mafuta ya kawaida, sio ya kitambi.

Kichupa nimekishika mwenyewe. Tarehe ya kuisha imebandikwa kwa stika juu ya nyingine, ukiibandua unakuta maandishi yamekwanguliwa, na jina la kiwanda hakuna. Na mjue dawa nyingi za kupunguza unene za mtaani zimeshakutwa zimechanganywa sibutramini kimyakimya, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwenye presha akipewa kitu kama hicho ni kumuua jamani, nimeumia sana.

Aliyeanza kutumia aache leo hii na aende hospitali na kichupa chake mkononi daktari akione. Msikitupe, cha mama mdogo tunakipeleka TMDA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia dawa, ofisi wanayo hapahapa Mwanza, mwenye chake anicheki inboksi twende wote, tukiwa wengi watamtafuta haraka.