Pengwini kaizari au Adélie: nani mlezi bora?

Mjadala huu wa ndege wawili wa Antaktika hauishi. Kwa gharama, kaizari huumia zaidi. Jike hutaga yai moja tu kipindi cha baridi kali, kisha dume hulikalisha juu ya miguu yake, chini ya mkunjo wa ngozi ya tumbo, kwa siku 64 hivi bila kula. Ukijumlisha na kipindi cha uchumba, mfungo wake hukaribia miezi 4. Hapo namvulia kofia.

Adélie hutaga mayai 2, Novemba, kwenye kiota cha kokoto ambazo majirani huibiana mchana kweupe. Wazazi hupokezana zamu, na siku 35 hivi zikipita vifaranga wako nje. Likiharibika moja, lipo jingine.

Kwa makazi, Adélie ana mwamba imara, ila ndege skua humnyang'anya mayai. Kaizari hutegemea barafu ya bahari. Mwaka 2022 ilipovunjika mapema kwenye bahari ya Bellingshausen, vifaranga wengi waliangamia.

Ukitafuta mfano wa baba anayejitoa, mfuatilie kaizari. Ukichunguza ushirikiano wa wazazi na ugomvi wa majirani, Adélie atakupa mengi zaidi.