Mhusika mwizi: mezani au kwenye kompyuta?
Kwa kundi la watu wanne pale Moshi, mhusika mwizi ana faida zaidi mezani (na umeme ukikatika, mchezo unaendelea). Katika Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu), pigo lake la kuvizia huongeza dadu 1 ya pande 6 akiwa ngazi ya 1, dadu 3 ngazi ya 5, mara moja kwa zamu. Linataka upinde au silaha ya wepesi wa mkono (finesse) kama kisu, tena mwenzako awe ndani ya futi 5 za adui, au uwe na nafuu ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Wengi hutangulia peke yao, wakachapwa bure.

Kwenye Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wenye kanuni hizo, kifaa cha kufungulia kufuli hupotea ukishindwa, beba kadhaa. Ila mhusika yeyote anaweza kukitumia, na ukihifadhi mchezo kwanza unarudia tu, hivyo mwizi anapungua thamani.