Matone ya fipronil ya kupaka kisogoni: nyota nne

Ninao mbwa na paka wanaolala chumba kimoja, na matone haya ya kuua viroboto na kupe nimeyatumia kwa wote wawili muda mrefu, kila mmoja na boksi lake.

Sifa kwanza. Kupaka ni kazi ndogo: unapasua manyoya hadi ngozi ionekane, unakamua, basi. Paka wangu ukimfichia tembe kwenye chakula, hula chakula chote akaiacha tembe sahanini, kwa hiyo kwangu hili peke yake ni nusu ya ushindi. Mpake juu kabisa, chini kidogo ya fuvu, ulimi usipofika. Ukimwaga mabegani atalamba, na dawa ni chungu. Utamwona akitoka mapovu mdomoni.

Viroboto walio mwilini hufa ndani ya siku moja au mbili. Mimi hupima hivi: napitisha kitana chenye meno membamba mgongoni hadi kwenye shina la mkia, nakikung'utia kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vile vidoa vyeusi vikiyeyuka na kuacha wekundu, si vumbi. Ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mnyama wako iliyokwisha kusagwa tumboni.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya maelezo ya boksi. "Mwezi mmoja" imeandikwa kwa herufi kubwa, habari za nyumba hakuna. Matokeo yake mtu akiona kiroboto wiki ya pili anapiga kelele kwamba kauziwa dawa feki. Jike moja linaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayagandi kwenye manyoya, humwagika popote mnyama anapolala. Viroboto wachanga wanaoanguliwa humo, wakifikia hatua ya pupa (kabla ya kuwa viroboto kamili), hujifungia kwenye kifuko ambacho dawa haipenyi kirahisi, wakasubiri hata miezi mpaka wahisi joto au mtikisiko wa mnyama anayepita. Ndio hao unaowaona: wamerukia mgongo wenye dawa, watakufa, ila kwanza utawaona. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia chini ya kochi, na usikatize dozi ati kwa sababu mwezi huu kumetulia.

Kupe nao inawaua, haiwafukuzi. Anaweza kung'ata kabla hajafa, na kupe wa kahawia wa mbwa ndiye mwenezaji wa Ehrlichia canis, kijidudu kinacholeta homa na kushusha chembe za kugandisha damu. Kwa hiyo bado nampapasa mbwa masikioni na katikati ya vidole.

Minyoo haiguswi kabisa. Paka akijilamba akameza kiroboto chenye buu la tegu aina ya Dipylidium caninum, baadaye utaona vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkundu. Hapo dawa ni prazikwanteli. Mwone daktari wa mifugo akupe kipimo kwa uzito.

Na tafadhali, msigawane maboksi. Dawa nyingine za mbwa zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri: hutetemeka, hupata degedege, hufa. Sungura naye asipakwe fipronil hata tone. Nitanunua tena, ila boksi la paka nitalihifadhi kabati tofauti na la mbwa, maana watu wa nyumbani kwangu hawasomi lebo.