Kidonda cha paka na kliniki ya mifugo iliyokataa kukisia

Paka wangu, Chausiku, alipata kidonda nyuma ya sikio la kushoto mwishoni mwa masika, na kabla sijamfikisha kwa daktari nilikuwa nimekwisha kumtibu mwenyewe kwa siku tisa. Kidonda kilianza kama kigaga kidogo, kikafikia upana wa sarafu ya shilingi 200, manyoya yakanyonyoka pembeni yake, na kila alipokikuna kilitoa majimaji. Nilimpaka ile krimu ya tyubu ambayo karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inayo kabatini, yenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na stiroidi. Kwa siku tatu kikaonekana kunywea, kisha kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Ndipo nilipompeleka katika kliniki moja ya mifugo upande wa Tabata, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina lawama juu yake, japokuwa kwa kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa ningemrudisha hapo hata kesho.

Nianze na lawama. Nilipiga simu asubuhi nikaambiwa nifike saa nne, lakini tulionwa saa sita kasorobo. Chumba cha kusubiria ni kimoja kwa wanyama wote, hivyo Chausiku alikaa saa nzima na zaidi ndani ya kikapu chake, nusu hatua kutoka kwa mbwa mkubwa aliyekuwa akihema juu yake, na alipofikishwa mezani alikuwa amejikunja kama mpira. Risiti ya mashine niliidai mara mbili ndipo ikatoka.

Ndani ya chumba cha daktari mambo yalikuwa mengine kabisa. Ukutani kimetundikwa cheti cha usajili wa Baraza la Veterinari, na daktari mwenyewe, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimsalimu mama yangu niliyekuwa nimefuatana naye kabla ya kumgusa paka. Nilitegemea sindano, kwa kuwa huko nyuma nimeona paka akichomwa sindano kabla mwenye paka hajamaliza kujieleza. Yeye aliuliza maswali kwa muda wa robo saa: paka analala wapi, anapigana na wenzake, anakula nini, nani mwingine nyumbani anajikuna, na je, tumewahi kuona vitu kama punje za mchele mahali anapolala. Mama alicheka, akasema aliziona kwenye mkeka wiki iliyopita akawagombeza wajukuu kwamba wamemwaga ubwabwa. Daktari aliandika jibu hilo na kulipigia mstari, bila kutueleza sababu yake papo hapo.

Kisha alianza kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Alibonyeza pembeni mwa kidonda kutafuta uvimbe wenye joto na usaha, kwa kuwa paka anayetoka usiku mara nyingi huumwa na mwenzake, na jino la paka huacha tundu dogo linaloziba upesi juu huku jipu likitunga chini ya ngozi. Hapakuwa na uvimbe, na joto la mwili lilikuwa 38.6, ambalo kwa paka ni la kawaida. Alikagua kingo za masikio kutafuta magamba mazito ya kijivu yanayoletwa na utitiri wanaochimba ngozi, akatazama pia ncha zake, kwa kuwa masikio ya Chausiku ni meupe na paka weupe wa masikio na pua hupata kansa ya ngozi kutokana na jua. Hakuna alichokiona, lakini alitushauri tumzuie kulala juu ya ukuta wa ua saa za mchana. Alikwangua ngozi kwa wembe butu uliopakwa mafuta mpaka damu ikaanza kuchungulia, akaitazama kwa hadubini. Utitiri hawakuonekana.

Kwa upande wa fangasi, alizima taa, akavuta pazia na kumulika kidonda kwa taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuanimno ambayo hufanya baadhi ya fangasi wang'ae. Kidonda kiling'aa, nami nikajua ni mapunye. Daktari akanisogeza karibu, akanionyesha kwamba mng'ao ule ulikuwa mweupe na umeenea juu ya ngozi, ilhali fangasi wa paka hung'aa kijani, tena kwenye shina la unywele wenyewe. Kilichokuwa kinang'aa ni krimu yangu. Aliongeza kwamba hata kijani kisipoonekana fangasi hajaondolewa hesabuni, kwa sababu si aina zake zote zinazong'aa, na kwamba stiroidi iliyomo kwenye krimu ile hupoza wekundu huku ikimwachia fangasi nafasi ya kuenea. Alichukua mswaki mpya, akauchana kwenye manyoya kuzunguka kidonda, akaubonyeza ndani ya kichupa chenye chakula cha fangasi cha rangi ya njano, ambacho hugeuka chekundu fangasi wa ngozi akiota. Jibu kamili huchukua wiki mbili hadi tatu.

Chanzo kilipatikana kwa kitu rahisi kuliko vyote. Alichana mgongo wa paka karibu na mkia kwa kitana chenye meno yaliyobanana, akakung'utia vumbi jeusi lililonasa juu ya pamba iliyoloweshwa maji. Baada ya dakika moja kila punje nyeusi ilikuwa imezungukwa na duara la rangi ya kutu. Kilikuwa kinyesi cha viroboto, yaani damu ya Chausiku iliyokwisha kumeng'enywa. Nilibisha, maana sijawahi kumwona kiroboto hata mmoja juu yake. Daktari alieleza kwamba paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujilamba kwa bidii kiasi cha kuwameza, na wachache tu wanatosha kumwashia mwili mzima. Ndipo akarudi kwenye ubwabwa wa mama: zile punje zilikuwa vipande vya tegu, na tegu huyo paka humpata kwa kumeza kiroboto. Kipande cha kioo alichokigandamiza kwenye kidonda kilionyesha bakteria, ambao waliingia baadaye kupitia mikwaruzo ya kucha.

Nilimwonyesha pia chupa ya dawa ya viroboto niliyokuwa nimeinunua siku moja kabla katika duka la dawa za mifugo Kariakoo, ambako muuzaji alinihakikishia kwamba mbwa na paka ni wamoja. Alisoma lebo, akaiweka mbali na meza. Ilikuwa na permethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo mbwa huistahimili lakini paka humtetemesha, humtia degedege na inaweza kumuua. Kwa chupa hiyo peke yake safari ililipa.

Tuliondoka na matone ya selamektini, dawa ya viroboto iliyo salama kwa paka, ya kuwekwa shingoni kila mwezi kwa miezi isiyopungua mitatu, kidonge cha tegu, maji ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya kuoshea kidonda, antibayotiki ya siku saba, na kola ya plastiki ambayo, kwa kuwa walibakiwa na saizi ya mbwa tu, ilimfanya Chausiku agonge kila mlango wa nyumba. Stiroidi hakutoa kabla ya kujua habari ya fangasi. Kazi kubwa aliiacha kwetu: kufua mikeka na mito, kuianika juani, na kufagia chini ya makochi kila siku, kwa kuwa mayai na mabuu ya viroboto hukaa sakafuni, na kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam hawana msimu wa kupumzika.

Gharama ilikuwa shilingi 20,000 za kumwona daktari, 35,000 za vipimo vyote na 48,000 za dawa. Si kidogo, na bei ya vipimo inapaswa kubandikwa mapokezi badala ya mtu kuijua akiwa tayari mezani. Tuliporudi siku ya 14, ukaguzi haukutozwa. Kidonda kilikuwa kimekauka, manyoya mafupi yameanza kuota, na kichupa kilikuwa bado cha njano. Wiki moja baadaye daktari alinipigia mwenyewe kusema kwamba hakuna kilichoota. Matone ya tatu tunayafuata mwezi ujao, na safari hii nimeomba nafasi ya saa mbili asubuhi, kabla mbwa hawajafika, na kikapu nitakifunika kwa kanga.